Mume wangu ananiambia nichague: duka au dini

Swali: "Assalaam alaykum. Nina duka la vyakula hapa Ngamiani, Tanga: mchele, unga, sukari, maharage, mafuta. Nilipolifungua miaka minne iliyopita niliweka nia kwamba hakuna atakayelala njaa mtaa huu na mimi nina unga. Nakopesha, nachangia misiba, nachangia madrasa, na mtoto wa dada yangu nimempa kazi. Naona haya kuandika deni mbele ya mtu mzima, kwa hiyo mengine naandika usiku kwa kukumbuka. Mali iliyoko dukani ni kama milioni 14, taslimu nina milioni 2 na laki 6, msambazaji ananidai milioni 4 na laki 4, na mtaani nadai milioni 6 na laki 3. Yupo jirani yangu mjane mwenye watoto wanne, deni lake peke yake ni 180,000, na kila jioni anamtuma mtoto. Watu wa mikopo ya haraka wamekuja mara mbili na nakaribia kukubali. Mume wangu ananiambia nichague: duka au dini. Je, biashara inaweza kuendeshwa kwa imani na isife?"

Waalaykumu salaam, dada yangu. Barua yako nimeisoma zaidi ya mara moja, pamoja na picha za daftari ulizonitumia. Nakushukuru kwa kuniandikia tarakimu. Wengi huniuliza habari za baraka bila kunitajia hata bei ya kiroba kimoja.

Inaweza. Ila kwa namna unavyoiendesha sasa haitamaliza miaka miwili, na sababu yake niliijua nyumbani kwetu kabla sijaisoma chuoni.

Marehemu baba yangu alikuwa na duka Pangani. Hakuna aliyekwenda pale akarudi mikono mitupu. Alipofariki, msikiti ulijaa mpaka nje, na baada ya maziko kaka yangu alisimama akasema yale tunayoyasema wote pwani: kama kuna anayemdai marehemu, aje kwa familia. Siku ya hitma alikuja mzee mmoja kutoka Tanga mjini, ambaye kwa miaka alikuwa akimpa baba mchele na sukari kwa mali kauli, yaani alipe akishauza. Alikaa pembeni ya mkeka, akala nasi, akangoja watu wapungue, ndipo akatoa bahasha yenye risiti zake. Hakupaza sauti. Alisema tu kwamba ana binti anayetakiwa kurudi chuoni, na ada yake ilikuwa imelala dukani kwa baba. Deni lile tulililipa kwa miaka miwili. Duka halikufunguliwa tena.

Baba hakuwa mwizi wala mwongo. Aliona gunia liko ndani ya duka lake, akadhani ni lake. Kumbe sadaka aliyokuwa akiitoa kila jioni ilikuwa mali ya yule mzee, na mzee hakuulizwa.

Sasa rudi kwenye tarakimu zako. Katika mali iliyo mbele yako, milioni 4 na laki 4 ni za msambazaji wako. Ndani ya mali hiyo umo pia mshahara wa mwezi huu wa wasaidizi wako, imo kodi ya pango, na imo sehemu ya mumeo kama alichangia mtaji. Unapompimia jirani unga kutoka katika fungu hilo ukasema moyoni "ni kwa ajili ya Mungu", umetoa kisichokuwa chako. Mtume, rehema na amani zimshukie, aliletewa jeneza la mtu aliyeacha deni, akajizuia kumswalia mpaka Abu Qatada alipojitwika kulilipa. Deni la mfanyabiashara ni zito namna hiyo hata kama lilitokana na huruma.

Kipo kisa cha pwani yetu ambacho huwa nakikumbuka ninaposhauri watu wenye moyo kama wako. Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa, akamkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyejulikana kwa jina la Abul-Mawahib, yaani mwingi wa kutoa. Anasimulia kwamba fakiri mmoja kutoka Yemen alimwomba sultani nguo alizokuwa amezivaa mwilini, naye akaingia ndani, akabadilisha, akampa. Alipofariki, nduguye Daud alishika utawala, na mwombaji akija alijibiwa: aliyekuwa akitoa amekufa, wala hakuacha cha kutoa. Wengi hukisoma kisa hiki wakamlaumu Daud kwa ubahili. Mimi humfikiria yule mwombaji aliyechelewa. Njaa yake ilikuwa ileile.

Kwa hiyo kazi yetu ni kulifanya duka lako liwe na cha kutoa hata kwa mjane wa mwakani, ambaye hujamjua bado.

Anza kwa kutenganisha fedha. Kila mwisho wa mwezi, chukua mauzo, ondoa bei uliyonunulia bidhaa, ondoa pango, umeme, usafiri, mishahara, ushuru na kodi, halafu ondoa posho yako wewe mwenyewe. Usiruke hiyo ya mwisho. Wanawake wengi ninaowashauri hawajilipi. Wanachota kwenye droo shilingi elfu tano leo, elfu tatu kesho, kisha wanaamini duka halina faida. Jiandikie posho kama unavyomwandikia msaidizi wako, uichukue siku moja. Kilichobaki baada ya hapo ndiyo faida, na faida ndiyo mali yako ya kuifanyia ihsani.

Kutoka katika faida hiyo kata fungu ambalo wewe na mumeo mtakubaliana. Ningekuwa mimi ningeanza na sehemu ya kumi kwa miezi sita, halafu tukaangalia. Uiweke mbali na droo: laini ya pili ya simu, au kibubu, mradi isichanganyike. Uipe jina, uiite mfuko wa jirani. Kuanzia siku hiyo, michango yote ya misiba, ya madrasa, ya mgonjwa wa mtaa wa pili, na kila deni unalolisamehe, vitoke humo tu.

Namna yake ni hii. Mtoto wa jirani amekuja na kikapu. Umempimia unga na mafuta ya 6,000, na umeamua ni sadaka. Toa fedha kwenye mfuko wa jirani, uitie kwenye droo ya duka. Wala usitie 6,000; tia bei uliyonunulia, tuseme 5,200, maana duka halina haki ya kupata faida kwa sadaka yako mwenyewe. Kwa njia hiyo jirani amekula, duka limelipwa, msambazaji atalipwa, na wewe umetoa kweli, kwa sababu fedha imetoka upande wako. Utaisikia inavyouma kidogo. Hapo awali haikuwa ikikuuma kwa kuwa ilikuwa ikimuuma mtu mwingine.

Mfuko ukiisha, umekwisha. Kumwambia mtu "mwezi huu mfuko umekwisha, njoo tarehe mbili" ni neno la kweli, na halimvunjii heshima. Kinachomvunja heshima ni kuja dukani akakuta uso umekunjwa kwa sababu ya madeni ambayo hukuwahi kumtajia.

Sasa hili la kuona haya kuandika. Hapa nitakaa kidogo, kwa kuwa ndipo duka lako linapovuja.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Suratul-Baqara, haizungumzii swala wala saumu. Inazungumzia kuandika deni: liandikwe, mwandishi awe mwadilifu, mdaiwa ndiye amtajie mwandishi yale anayodaiwa, wawepo mashahidi, na msichoke kuandika liwe dogo au kubwa pamoja na muda wake, kwani hilo liko karibu zaidi na uadilifu na linaondoa shaka. Tazama: anayetaja ni mdaiwa. Haandikwi kisirisiri usiku na mtu anayejaribu kukumbuka. Na aya iliyo karibu nayo, ya 280, ndiyo inayosema mdaiwa akiwa katika dhiki apewe muda mpaka apate wasaa, na kumsamehe ni bora. Zote mbili zimo katika sura moja, karibu ukurasa mmoja. Wewe umeishika ya huruma ukaiacha ya kalamu, na bila kalamu hata huruma haina mahali pa kukaa: huwezi kusamehe deni usilolijua kiasi chake. Wazee wetu walilifupisha: mali bila daftari hupotea bila habari.

Katika picha ulizonitumia nimehesabu majina 47. Kumi na tisa hayana tarehe. Mawili yameandikwa "yule wa juzi". Dada yangu, yule wa juzi akifa leo familia yake itasimama kaburini kuuliza anayemdai, na hakuna atakayeweza kumtoa katika deni lake, kwa sababu hata wewe hujui ni nani. Hilo nalo ni dhulma, ingawa ulilifanya kwa kumwonea haya.

Nunua daftari za aina mbili. Moja ya duka, na kwa kila mkopaji wa kudumu kadi ndogo au kijidaftari chake. Kila anapochukua, andika pande zote mbili palepale, akisikia: tarehe, kitu, bei, na siku atakayolipa. Siku ya kulipa ifuate riziki yake. Mwalimu na mlinzi wana mwisho wa mwezi. Mvuvi wa dagaa mpe siku za giza, maana mbalamwezi ikiwaka hana cha kuuza, ukimdai wakati huo unamfundisha kusema uongo. Mama wa maandazi alipe kila siku kidogokidogo. Ukimwacha mpaka mwisho wa mwezi amekwisha.

Kisha weka kikomo. Ukitoa deni la msambazaji katika mali na taslimu, mtaji ulio wako hasa ni kama milioni 12 na laki 2. Mtaani umetawanya milioni 6 na laki 3, nusu ya hiyo na zaidi. Hakuna duka la chakula linalohimili hivyo, kwa kuwa faida ya kilo moja ya sukari ni ndogo mno. Mimi husema mikopo yote kwa pamoja isizidi sehemu ya kumi ya mtaji wako, nawe hapo ulipo ni kama milioni 1 na laki 2. Utafika polepole. Usikate watu ghafla. Waambie kuanzia mwezi ujao kila mtu ana kikomo chake, na anayelipa kikomo chake kinarudi.

Kuna swali ambalo hukuniuliza lakini nimeliona daftarini: baadhi ya waliochelewa umewaongezea "elfu moja ya kuchelewa". Iondoe. Wanazuoni wengi wanakubali uuze kwa mkopo kwa bei iliyo juu kidogo kuliko ya taslimu, mradi bei hiyo mmekubaliana mwanzo na haibadiliki tena. Lakini kuongeza baada ya deni kuchelewa ndiyo riba yenyewe, hata ikiwa shilingi mia. Waliokulipa nyongeza hiyo warudishie, au uipunguze kwenye deni lao.

Madeni yenyewe nimeyagawa kwa kadiri nilivyoelewa maelezo yako. Kama milioni 1 na laki 8 ni ya watu wanaolipa, wanachelewa tu. Milioni 3 na laki 1 ni ya watu wenye uwezo wa kulipa kidogo kidogo. Hao uwaendee wewe mwenyewe, nyumbani, jioni, usimtume kijana, ukubaliane na kila mmoja kiasi cha wiki hata kikiwa 2,000. Laki 14 zilizobaki ni za waliohama, waliokufa bila kitu, na walioshindwa kabisa. Hizo uziandike kwenye ukurasa wake na uzisamehe taratibu kwa kadiri mfuko wa jirani unavyoweza kuzifidia. Itakuchukua muda. Haidhuru.

Tuache madeni, tuangalie mizani. Nataka kulisema hili kwa sababu watu wa dini tukifungua biashara hukimbilia sadaka, na imani ya duka inapimwa kwanza kwenye kipimo. Suratul-Mutaffifin inawaonya watu wa aina moja wenye mikono miwili: wakijipimia kutoka kwa wengine wanataka kijae, wakiwapimia wengine wanapunguza. Nikisoma hapo naiona biashara yetu ya mazao waziwazi. Mkono wa kwanza ni lumbesa: gunia la mkulima wa Lushoto au Handeni linashonewa kilemba juu, analipwa bei ya gunia moja. Mkono wa pili ni kibaba kilichobonyea chini na kikoroboi cha mafuta kisichojaa. Ulizia maharage yako yanavyonunuliwa huko shambani. Kama yanakuja kwa lumbesa, mwambie msambazaji unataka ya kupimwa kwa kilo, na uwe tayari kulipa zaidi kidogo. Mizani yako nayo ipelekwe kukaguliwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka ipigwe muhuri, na uiweke mahali mteja anaposoma namba mwenyewe. Maskini anayenunua robo kilo kwa fedha yake ana haki ya gramu zake zote. Ukimpunja gramu ishirini kila siku halafu ukamchangia kwenye msiba, umemrudishia fedha yake mwenyewe na yeye anakushukuru.

Mwezi wa Ramadhani mnajua wenyewe yanayotokea kwa sukari na tambi. Ukinunua ghali, uza ghali. Hakuna anayekulazimisha hasara. Ila kuificha mali Shaabani ili uitoe Ramadhani bei ikipanda, hapana.

Mtoto wa dada yako. Mwajiri kama mtu baki. Andika mkataba, mshahara ujulikane, alipwe tarehe moja kila mwezi, na umwandikishe NSSF pamoja na mwenzake. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa kawaida nusu yake hutoka kwako na nusu kwake. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi likizo ya siku 28 kwa mwaka, na mama aliyejifungua siku 84 zenye malipo. Nawajua watu wanaokesha msikitini na wafanyakazi wao hawajawahi kupata likizo hata moja. Na droo asiiguse kwa shida zake. Akiwa na shida aombe mkopo wa mshahara, uandikwe. Ukiona ana kipaji na anataka kusimama mwenyewe, usimkopeshe, fanya naye mudharaba: wewe unatoa mtaji wa kibanda kidogo, yeye anafanya kazi, faida mnagawana kwa fungu mlilokubaliana, mathalani nusu kwa nusu, kamwe isiwe kiasi maalumu cha kila mwezi. Hasara isiyotokana na uzembe wake inabebwa na mtaji wako, naye anakuwa amepoteza jasho lake. Khadija, Mungu amridhie, alikuwa akiwapa watu mali yake kwa namna hiyo wakaifanyie biashara, na Muhammad alimfanyia kazi kabla ya utume.

Hao wa mikopo ya haraka, ambao mitaani wanaitwa kausha damu, usiwape jina lako. Huhitaji mkopo. Una milioni 6 zako mwenyewe ziko mtaani, na ukikusanya hata nusu yake hutamtafuta mtu. Kama baadaye utataka kukuza duka, zipo njia zisizo na riba. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na haina riba. Wanawake fungu lao ni asilimia 4. Ipo pia Amana Bank, iliyoanza mwaka 2011 na ambayo huendeshwa kwa misingi ya kisharia: kwa murabaha benki inanunua bidhaa, inakuuzia kwa bei yenye faida iliyotajwa mwanzo, unalipa kwa awamu. Soma kila karatasi, uliza ukichelewa inakuwaje. Na usidharau upatu wenu wa wanawake. Kula kikoa, yaani kuchangiana kwa zamu, tumekuwa nako kabla ya benki yoyote.

Umenitajia misiba na madrasa katika kutoa kwako, lakini majina ya daftari lako yana akina Yohana na akina Neema pia, na nimefurahi kuyaona. Wanazuoni wengi wanasema zaka ni ya Waislamu tu. Sadaka haina mpaka huo, wala mfuko wa jirani usiwe nao. Karibu na Mbale, Uganda, kuna ushirika wa wakulima wa kahawa unaoitwa Mirembe Kawomera, maana yake amani tamu. Ulianzishwa mwaka 2004 na J. J. Keki, mkulima wa jamii ya Wayahudi wa huko, ambaye tarehe 11 Septemba 2001 alikuwa New York na akayaona yaliyotokea. Aliporudi kijijini alipita nyumba kwa nyumba kwa majirani zake Waislamu na Wakristo, akawaomba wauze kahawa pamoja. Walikubaliana uongozi ugawanywe kati ya dini zote tatu, na wakapata mnunuzi California aliyewalipa bei bora. Kila mmoja anasali kwake, na kahawa inakwenda sokoni ikiwa moja. Nakutajia hao kwa sababu moja ya kibiashara: mshikamano wao haukusimama juu ya kupeana misaada, ulisimama juu ya bei nzuri na hesabu ambazo kila mmoja anaweza kuzikagua. Ngamiani mnaweza kufanya kitu cha namna hiyo. Wenye maduka manne au matano mkinunua mchele pamoja, gari moja, mtashusha bei kwa mtaa mzima, na hilo litamsaidia mjane kuliko kibaba cha bure.

Zaka sasa, kwa ufupi. Chagua siku moja ya mwaka wa Hijria uishike daima. Siku hiyo hesabu bidhaa zote kwa bei ya soko ya siku hiyo, taslimu na fedha za simu, na madeni unayotumaini kulipwa. Rafu, friji, mizani na pikipiki havihesabiwi. Ondoa unachodaiwa. Kwa tarakimu zako: milioni 14, na milioni 2 na laki 6, na milioni 1 na laki 8 ya wanaolipa; jumla milioni 18 na laki 4. Ondoa milioni 4 na laki 4, inabaki milioni 14. Asilimia mbili na nusu ni 350,000. Madeni ya mashaka yatolee pale yatakapoingia mkononi. Kuna jambo la kumuuliza shekhe wako: nisabu, yaani kiwango ambacho mali ikikifikia hutolewa zaka, ni gramu 85 za dhahabu au gramu 595 za fedha, yaani ile madini, na siku hizi dhahabu hiyo ina thamani mara nyingi zaidi ya fedha. Kwa kipimo cha dhahabu huenda hujafika. Kwa kipimo cha fedha umeshapita. Wapo wanazuoni wanaopendelea fedha kwa kuwa inawafaa maskini zaidi. Mimi ningekwenda na fedha, lakini mfuate anayekufundisha.

Usije ukafuta deni la mtu ukasema hiyo ndiyo zaka yangu. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu yetu ya Shafi, hawalikubali, kwa sababu zaka ni kitu cha kukabidhiwa mtu akakimiliki.

Nimemwacha jirani yako mpaka mwisho kwa sababu yeye ndiye aliyekufanya uandike barua hii, naona.

Fungua ukurasa wake. Nenda kwake, wewe mwenyewe, siku ambayo watoto wako madrasa. Mwonyeshe deni lote, mlisome pamoja, ili ajue hukumsingizia hata senti. Kama ni mstahiki wa zaka, na wenye madeni wametajwa katika aya ya 60 ya Suratut-Tawba miongoni mwa makundi manane, basi katika ile 350,000 mpe mkononi fungu lake, bila sharti. Akipenda kulipa deni kwa hiyo fedha, ni hiari yake. Akipenda kununua sare za shule, ni zake. Kinachobaki katika 180,000 ukifidie kwa mfuko wa jirani, kwa bei ya kununulia, miezi mitatu au minne, mpaka ukurasa uwe mweupe. Na chakula cha kila jioni kipange: andika kiasi cha wiki ambacho mfuko unaweza, tuseme kilo tatu za unga, kilo moja ya maharage na nusu lita ya mafuta, umpe Jumamosi asubuhi kwa mara moja, yeye mwenyewe. Yule mtoto asitumwe tena jioni na kikapu kitupu mbele ya wateja.

Muulize pia anajua kazi gani. Kama anapika, duka lako linahitaji mtu wa kukuletea vitumbua vya kuuza asubuhi.

Daftari ulilo nalo sasa mwonyeshe mumeo usiku wa leo, na mkae nalo pamoja. Kwa tarakimu ulizonipa, hofu yake ilikuwa ya haki.